Steringi, adui na mama wa kambo: wahusika wa kukariri wana ubaya gani?

Kuna lalamiko nalisikia kila nikikaa na watu wanaoandika stori au skripti, kwamba wahusika wetu ni wa kukariri mno, steringi ni yuleyule jasiri asiyekufa, mzee akitokea ujue anakuja kutoa hekima halafu anafariki, mama wa kambo akifungua tu mlango unajua leo mtoto analala njaa. Wanasema huo ni uvivu. Upande wa pili wapo wanaojibu kwamba stori zimekuwa hivyo tangu enzi za bibi na babu na wasikilizaji walizipenda hivyohivyo, sasa tatizo liko wapi? Mi naona wote wana ukweli, ila wanaita vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Nianze na wanaotetea maana hoja yao huwa inadharauliwa bure. Chukua Abunuwasi. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani, anasema imezaa, jirani anafurahi anapokea vyote. Anaazima tena, safari hii harudishi, akiulizwa anasema sufuria imekufa. Hatujui Abunuwasi anaogopa nini wala utotoni alipitia yapi, na wala hatuhitaji. Tukishajua ni mjanja, utamu wote unahamia kwenye swali moja tu, leo atamnasaje huyu mtu? Kisa hikihiki Waturuki wanakisimulia kwa jina la Nasreddin Hodja na kinanoga vilevile, kwa hiyo kinachobeba stori ni ile nafasi ya mjanja, mwenye jina anaweza kuwa yeyote. Na ukumbuke Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, mtu wa mashairi ya mvinyo na mambo yake mengi, masimulizi yakamchuja yakabakiza ujanja.

Hata E. M. Forster, mwandishi Mwingereza aliyetuletea mwaka 1927 mgawanyo wa wahusika bapa, wenye sifa moja tu isiyobadilika, na wahusika duara, wenye sura nyingi na wanaoweza kutushangaza, hakusema bapa ni wabaya. Alisema wanatambulika haraka na wanakumbukika. Sisi ndio tumeugeuza kama matokeo ya mtihani, duara kafaulu bapa kafeli, na hapo tunawaonea sana waandishi wa stori za visa.

Sasa wanaolalamika. Nao hawalalamiki bure, na kwa kweli moyo wangu uko kwao zaidi. Vladimir Propp, mtafiti wa ngano Mrusi, mwaka 1928 alichambua ngano 100 za kwao akaona wahusika wote wanagawana nafasi saba tu, na karibu zote zinatajwa kwa kazi: adui anadhuru, msaidizi anasaidia, mtoaji anampa shujaa kifaa, shujaa wa uongo anadai sifa zisizo zake. Kazi hizo mtu yeyote anaweza kupewa. Lakini ukisema mama wa kambo, mwanamke tasa, kilema, hujataja kazi hata kidogo, umetaja mtu alivyo, halafu kazi ya uovu umemshonea hapohapo kabla hajafanya lolote.

Angalia ndugu wawili Grimm wa Ujerumani, wakusanyaji wa ngano. Walipochapa hadithi ya Snow White mwaka 1812, malkia, yule anayeuliza kioo chake nani mrembo kuliko wote na anayetaka binti auawe kwa kumzidi urembo, alikuwa mama mzazi wa binti huyo. Mwaka 1819 wakambadilisha akawa mama wa kambo. Husuda ileile, kioo kilekile, kazi haikuguswa, kilichohama ni lawama tu, ikatoka kwa mama mzazi ikatua kwa mke wa pili. Mtoto aliyelelewa na stori kama hizo, baba yake akioa tena, anamkuta adui sebuleni hata kabla hawajasalimiana. Hilo linaniuma.

Na dawa yake sio kuwafanya mama wa kambo wote kuwa malaika, huko nako ni kukariri tu. Hebu fikiria huyu: anamsuka mtoto, mtoto amekaza shingo, anasema mama alikuwa anaanzia nyuma. Yule mama ananyamaza, anafumua msuko wote, anaanzia nyuma. Halafu usiku mtoto akiwa amelala anaichukua picha ya marehemu ukutani anaichoma. Bado ndiye anayedhuru kwenye stori hii, nafasi ya adui ni yake, ila sasa msomaji amejua kwa nini mkono wake umefika kwenye picha, na kesho yake hawezi kubashiri atafanya nini.

Ninapokwama zaidi ni kwenye vichekesho, kwa sababu pale mtu lazima atambulike ndani ya sekunde chache, na njia ya mkato siku zote ni lafudhi, unene, au kabila la mtu. Watetezi watasema bila hivyo hakuna kicheko. Siku hizi nikiandika mhusika wa kuchekesha namfutia kwanza lafudhi, namwachia tabia yake, tuseme ubahili au kujifanya anajua kila kitu, kisha nawasomea watu kwa sauti. Mara nyingi wanacheka palepale. Wasipocheka narudi kuandika upya.