GTA IV: alama 98 na simu za binamu

Ukitaka ubishi na wacheza gemu, sema tu kwamba GTA IV (Grand Theft Auto IV) inaizidi San Andreas, kaka yake katika mfululizo huo huo wa gemu. Utaambiwa hujui gemu. Utahesabiwa ndege, parachuti, baiskeli, jimu ya CJ (mhusika mkuu wa San Andreas), jangwa na miji mitatu, mambo yote yaliyokuwapo mwaka 2004 na ambayo mdogo wake wa 2008 alikuja bila hayo. Kisha atatokea mmoja amuigize Roman akimpigia simu binamu yake Niko, mhusika mkuu wa GTA IV, wakacheze bolingi, na kikao kitaishia kwenye vicheko.

Walalamikaji wana hoja, tena nyingine nzito. Ukifa dakika ya mwisho ya misheni ndefu unarudishwa mwanzo kabisa: upande gari upya, uvuke daraja upya, usikilize maneno yale yale. Rockstar, watengenezaji wake, walikiri kwa vitendo, maana The Lost and Damned, nyongeza ya 2009, ilikuja na chekipointi, yaani vituo vya kuanzia tena katikati ya misheni, na parachuti zikarudi katika The Ballad of Gay Tony mwaka huo huo. Toleo la kompyuta la Desemba 2008 nalo lilikuwa zito hata kwa mashine zenye nguvu. Hapo sibishi.

Ila naona kilichoiponza zaidi gemu hii ni sifa. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, inaiwekea 98 kwenye PlayStation 3 na 98 kwenye Xbox 360. Gemu moja tu iko juu yake, Ocarina of Time yenye 99. Wastani wa 98 haupatikani bila wahakiki karibu wote kumwaga alama zao zote. Wahakiki wa tovuti za IGN na GameSpot walitoa 10 kwa 10. Halafu lije toleo la kompyuta, jiji lile lile, hadithi ile ile, lipate 90. Nane zimekwenda wapi? Zimeliwa na usumbufu wa kuliendesha, wala Niko hajabadilika hata neno moja. Ndiyo maana namba ile hainiambii kitu kuhusu hadithi yenyewe. Na aliyeambiwa 98 hakai kucheza, anakaa kukagua: kila kona ambayo gari linagoma kukata anaiandika deni. Ingepewa 85, nusu ya kelele hizi zisingekuwapo.

Waliokuja kutafuta uwanja mkubwa wa fujo walikuta kisa cha mtu aliyechoka. Niko Bellic, askari wa zamani kutoka Ulaya Mashariki, anashuka melini Liberty City, yaani New York ya kubuni, kwa kuwa binamu yake alimwandikia habari za jumba na magari ya fahari. Anakuta chumba cha mende, ofisi chakavu ya teksi na madeni ya kamari. Sisi wa huku hatuhitaji kufafanuliwa. Nani hana ndugu ughaibuni aliyewahi kutuma picha ameegemea gari lisilo lake?

Uzito wa mtu huyo umeingia hadi kwenye magari. Ukifunga breki, pua inainama. Ukikata kona, bodi linalala upande kama mashua iliyopigwa na upepo. Mguse mpita njia kwa bampa tu: anapepesuka, anatupa mikono kutafuta pa kujishikia, anaenda hatua mbili tatu ndipo aanguke. Hiyo ni kazi ya Euphoria, programu inayokokotoa jinsi mwili unavyopigania kusimama. Kwenye San Andreas watu walianguka kama magunia nasi tukacheka. Hapa nimewahi kuachia padi kidogo, nikatazama pembeni.

Shtaka kali kuliko yote ni kwamba Niko anaijutia damu aliyomwaga, halafu mchezaji anapanda njia ya waenda kwa miguu na kuzoa watu kumi. Sina jibu kamili. Wanasema pia kwamba fedha zinajaa mfukoni bila cha maana cha kununua, na ni kweli: nguo, bunduki, chakula, basi. Wao wanaita kasoro. Mimi naona inamfaa sana mtu aliyeuza roho kwa vitu alivyosimuliwa kwenye barua. Labda namwonea Niko huruma mno.

Zile simu sasa. Uko katikati ya shughuli, Roman anataka bolingi; ukimkatalia, urafiki unashuka. Kero, naam, kama ya ndugu yeyote aliye peke yake ugenini anayekupigia saa mbaya. Karibu na mwisho unatakiwa uchague fedha au kisasi. Mara ya kwanza nilichagua fedha, na Roman akapigwa risasi siku ya harusi yake. Baada ya hapo jiji linabaki wazi, uzurure utakavyo. Niliendesha taksi usiku kucha kutoka wilaya ya Broker hadi ya Algonquin na kurudi, na hakuna aliyenipigia kuniita bolingi.