Bima ya Mama na goti lake

Mama alikuwa anakuja Kampala kunitembelea kutoka Tanga, mwezi mzima, nikamwambia mdogo wangu afanye mambo mawili tu, amkatie bima ya safari na ampeleke chanjo ya homa ya manjano apate ile kadi ya njano, maana pale Busia wanaiuliza. Mawili tu jamani. Yeye akayachanganya, akaenda ofisi ya bima akasema anataka "yelo kadi ya kwendea Uganda", sasa kwa watu wa bima yelo kadi ni ile ya COMESA, bima ya gari linalovuka mpaka. Napigiwa simu, "Bro, wanataka namba ya usajili ya Mama."

Hilo likaisha, bima yenyewe ikapatikana, siku 30, fomu ikajazwa pale nyumbani. Kwenye swali la magonjwa uliyonayo kabla ya safari Mama akajibu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "Siumwi!" Mdogo wangu akatiki hapana hapana hapana mpaka chini.

Sasa Mama hawezi kulipia kitu asikitumie. Wiki nzima ya kwanza kila asubuhi, "Na ile hela ya bima ndo imeenda hivyo?" Namwambia Mama, kutoumwa ndo faida yenyewe, ananiangalia kama mtu aliyetapeliwa anayejitetea. Hata kadi yake ya NHIF alikuja nayo kaifunga kwenye pindo la kanga, nikamwambia hiyo inaishia Tanzania, akakaza fundo.

Siku ya 11 tuko Wandegeya, nishamnunulia rolex (kashangaa chapati na mayai kupewa jina la saa), boda ikapanda njia ya waenda kwa miguu kama kawaida yao, Mama akaruka pembeni, akatua kwa goti. Rolex hakuiachia. Na wallahi usoni alikuwa kama kafurahi.

Kliniki anayeongea Kiswahili ni askari wa getini peke yake, na dakika mbili tu alishaujua ukoo wetu wote. Daktari hana Kiswahili, kwa hiyo mkalimani mimi, na kabla hawajagusa mguu inabidi nipige namba ya Dar ili watu wa bima wakubali kulipa, nikaweka simu spika juu ya meza, dada ana sauti ya asali, "pole sana mama, tutalishughulikia." Mambo yanakwenda.

Daktari akauliza kama hilo goti limewahi kuuma. Nikatafsiri huku namkonyeza. Mama akajiweka sawa kwenye kiti, utadhani swali hilo kalisubiri maisha yake yote.

"Hili? Hili linaniuma tangu nimzae huyu. Mvua ikitaka kunyesha linajua kabla ya redio. Na presha ninayo, na sukari nayo imeanza juzijuzi."

Nikamgeukia daktari, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba anasema hapana. Daktari akanitazama tu, maana presha na sukari hata Kampala hazihitaji tafsiri. Simu nayo kimya, na hapo ndo nakumbuka kwamba dada wa Dar hakuwa anamsubiri mkalimani.

"Mama, ni goti hilohilo lililoumia leo?"

"Hilohilo binti yangu. Wewe mwenyewe limekuzidi umri."

"Lakini kwenye fomu umesema huna ugonjwa."

"Nilisema siumwi. Sikusema sina."

Nikalipa taslimu, 180,000 za Uganda, eksirei na dawa ya kuchua, mfupa mzima kabisa. Kutoka pale Mama yuko mbele yangu, hachechemei hata kidogo, anamalizia rolex yake.

"Ile bima imebakiza siku ngapi?"

"19, Mama."

"Na meno wanaangalia?"