Yule mgonjwa wa chumba cha mashemeji

Kwanza niwaambie tuko wangapi, maana bila hiyo mtaniona kichaa tu nikisema nililaza sufuria kitandani na kulifunika blanketi. Tuko kumi na tatu. Mimi, baba watoto, wanetu watano, mama mkwe, mashemeji wawili wanaosoma chuo, na watoto watatu wa wifi yangu ambao walikuja Dodoma likizo ya wiki mbili mwaka juzi na mpaka leo wapo, shule wameshahamia. Nyumba iko Nkuhungu, vyumba vinne, na ukihesabu kuku tuko wengi zaidi.

Baba watoto ni mlinzi wa usiku. Asubuhi akirudi anaweka elfu kumi juu ya kabati, analala, akiamka anauliza leo kuna nini kama vile aliacha laki. Sasa elfu kumi kwa midomo 13 piga hesabu mwenyewe. Wali? Kilo tatu za mchele ndo watu washibe kidogo, hapo elfu saba na ushee imeondoka hata nyanya hujagusa, kwa hiyo wali kwetu ni jambo la sikukuu au mgeni wa maana. Siku za kawaida ni dona na mlenda. Na mlenda msiudharau, ule mkavu wa kusaga vijiko vichache tu sufuria limejaa, weka karanga iliyotwangwa, mtu anamaliza ugali anatafuta mwingine. Dagaa mara mbili kwa wiki. Nyama tunaisikia ikipita kwenye upepo kutoka kwa jirani.

Lakini mfalme wa nyumba yenye watu wengi ni makande, hapo sitabishana na mtu. Mahindi yaliyokobolewa kilo mbili, maharage kilo moja, karanga robo, kitunguu, nyanya na mafuta ya alizeti ya kupima, yote hayo nikienda soko la Majengo mwenyewe na kubembeleza vizuri narudi na chenji. Wenzetu wa Pwani wanatia nazi, sisi huku nazi inafika imechoka safari na bei imepanda kwa hasira, kwa hiyo karanga. Na makande yakilala yanakuwa matamu zaidi, asubuhi watoto wanakula kiporo na chai, habari ya mkate nani aizungumzie.

Shida ya makande ni moja. Mkaa. Hata ukiloweka tangu asubuhi bado yatakaa jikoni masaa matatu, manne, unaongeza mkaa, unapuliza, unaongeza tena, mwisho ile hela uliyookoa kwenye chakula imegeuka majivu. Mimi kisado cha mkaa kikiisha huwa nasikia kama mtu kanitoa damu.

Basi kwenye kikoba chetu kuna mama mmoja ana kapu lake kubwa amelishonea ndani matambara na sponji, anachemsha maharage nusu saa tu, anatumbukiza sufuria humo likiwa linatokota, anafunika, anaenda zake kulala. Asubuhi maharage yameiva. Hakuna moto wala nini, ni lile joto lake lenyewe limekosa pa kutokea. Nilivyoona nikasema huyu ni mchawi, afu nikaonja, nikasema hata kama ni mchawi nataka huo uchawi.

Kapu sina. Ila blanketi ninalo.

Jumamosi hiyo, mwezi wa saba, mnaoijua Dodoma mwezi wa saba mnajua upepo wake, ule wa kukufuata mpaka chooni. Nililoweka mahindi na maharage asubuhi, saa mbili usiku nikayabandika kwenye lile sufuria letu kubwa la shughuli, yakachemka dakika arobaini, nikalitoa likiwa linaruka mfuniko. Nikaufunga mfuniko kwa khanga, kama unavyomfunga mtoto. Khanga ya pili juu yake. Kisha blanketi zito la mama mkwe, lile la sufu la miaka yote, kisha koti la zamani la baba watoto, la kulindia. Sasa niliweke wapi? Jikoni kuna paka wa jirani, sebuleni wanalala watoto kama samaki kwenye kopo, mmoja akijigeuza anapiga teke wanne. Chumba cha mashemeji kilikuwa wazi maana walikuwa field. Nikalilaza kitandani, upande wa ukutani, nikaliegemezea mto lisiyumbe. Nikalitazama. Aisee, lilipendeza. Nikafunga mlango nikaenda kulala roho nyeupe, kesho tukitoka kanisani ni kuunga tu.

Sasa ambacho sikukijua ni kwamba baba mkubwa wa mume wangu alikuwa njiani anatoka Mpwapwa. Mzee wa miaka sabini na kitu, jicho moja lina ukungu, simu anayo lakini anaizima ili chaji isiishe, kwa hiyo hapatikani daima. Gari lao lilikorofisha, akafika saa sita usiku kwa bodaboda. Na kwetu giza, LUKU ya umeme ilikuwa imesoma sifuri tangu saa tatu nikasema nitanunua kesho, tumelala tunataka taa ya nini.

Aliyefungua mlango ni mwanangu wa kwanza, na huyo akiwa usingizini unaweza kumuuza akakuandikia risiti. Akamwamkia babu, akamwambia lala chumba cha mashangazi, mzee akauliza mashangazi gani, akasema basi cha wajomba, akamsukumia mlango, akarudi kulala. Asubuhi alikataa kabisa kwamba aliongea na mtu.

Haya yanayofuata nimeyapata kwa mzee mwenyewe, na kila akisimulia yanaongezeka, mimi nawapa toleo la kwanza.

Anasema aliingia, akapapasa kitanda, akakuta mtu. Kwa adabu akamwamkia Kigogo, "Mbukwenyi." Kimya. Akasema labda kijana kachoka na masomo. Akavua viatu, akajilaza ukingoni, na kwa baridi ile akasikia joto zuri linatoka kwa mwenzake, akasogea. Akasogea tena. Akalikumbatia. Anakiri mwenyewe kwamba alilala hapo kama robo saa na hajawahi kulala vizuri hivyo tangu mkewe afariki.

Kilichomwamsha ni mawazo. Akajiuliza huyu mtu mbona mfupi. Akapapasa kichwa, akapata mto. Akapapasa miguu, hamna miguu, amejikunja. Ni mtoto! Halafu joto hili si la kawaida. Akapenyeza mkono ndani ya koti, ndani ya blanketi, akagusa khanga, akautoa mkono haraka. Mtoto anaungua. Mtoto ana homa ya kufa na wamemfungia chumbani peke yake gizani.

Nilichosikia mimi ni kelele ukumbini. "Shemeji! Shemeji amka! Mtoto anaungua humu!"

Mama mkwe akatoka mbio bila kilemba, hajui hata anayemwita ni nani, anajua tu mtoto anaungua. Akanigongea mlango kwa ngumi mbili. "Mama, mtoto! Mtoto!" Na hapa ndo pa kuchekesha, au pa aibu, chagueni: kitinda mimba wangu alikuwa anakohoa tangu jana yake, nilimlaza pembeni yangu, nikapapasa gizani pale alipokuwa, hayupo. Jamani. Moyo ulitoka ukaenda kusimama nje. Yaani mimi niliyefunga lile sufuria kwa mikono yangu, mimi niliyeliegemezea mto, sikukumbuka makande hata chembe. Nikapiga ukelele ambao mama mchungaji, nyumba ya tatu, aliusikia akaanza kukemea akiwa kitandani.

Kelele ile ikaamsha nyumba. Watoto wote wanalia, wanalia nini hawajui, kuku wanaruka bandani, mbwa wa jirani anabweka, mama mkwe anahesabu vichwa gizani kwa kugusa, "mmoja, wawili, watatu," mtoto aliyeshahesabiwa anahama anakwenda kujibanza upande wa pili, anahesabiwa tena. Akafika kumi. Watoto tunao wanane. Hiyo haikumshangaza, alichosema ni "bado mmoja hayupo."

Yule bodaboda aliyemleta mzee alikuwa hajaondoka, alikuwa nje anamsubiri amletee chenji. Kusikia mtoto anaungua kawasha pikipiki, kaigeuza kwa ajili ya zahanati, anapiga honi, "Mleteni! Mleteni haraka!" Kijana wa watu, Mungu ambariki, hata bei hakutaja.

Mzee akasema nambeba mimi. Akainama, akakusanya koti, blanketi na mto kwa pamoja, akanyanyua. Akasema "Mh! Mzito huyu. Mnamlisha vizuri." Mimi niko nyuma yake nalia nashika ukuta. Akapiga hatua moja, mbili, khanga ya juu ikalegea, na sufuria likainama.

Mchuzi ukapita kwenye blanketi ukamshukia mzee kifuani, tumboni, mpaka kwenye soksi. Bahati blanketi lilikuwa zito, ulimfikia ukiwa wa vuguvugu tu.

"Amekojoa," mzee akasema kwa sauti ya upole kabisa. "Afadhali. Mtoto akikojoa homa inashuka."

Mama mkwe akaanza kumshukuru Mungu. Mimi nikaanza kumshukuru Mungu. Bodaboda huko nje anauliza kimetokea nini, mtoto mmoja akamjibu amekojoa, bodaboda akasema asante Yesu.

Halafu mzee akanyamaza. Nikasikia ananusa. Ananusa tena.

"Shemeji," akasema, "huyu mtoto mmemlisha nini? Mkojo unanuka maharage."

Hapo, ndugu zangu, ndo akili ilinirudia. Yote kwa mara moja. Maharage, khanga, kitanda, mto. Nikataka kusema kitu, koo likagoma. Na bodaboda muda huohuo kaingia na tochi ya simu, akaimulika ile maiti, samahani, ule mzigo, na kwenye ukingo wa blanketi pakadondoka hindi moja. Tok, sakafuni. La pili. Halafu mfuniko ukateleza wenyewe na mvuke ukatoka ukampiga mzee usoni.

Hakuna aliyeongea. Mama mkwe akalitazama sufuria, akalitazama blanketi lake, akanitazama mimi. Katika miaka kumi na sita ya ndoa hajawahi kunitazama vile, hata siku niliyomwaga mafuta lita tano.

"Mama," akasema taratibu, "umeyafunika makande blanketi langu?"

Nikasema, "Nilikuwa nabana mkaa, mama."

Bodaboda ndo alianza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchuzi. Mama mkwe akajitahidi kubaki na uso wa ukwe, ukamshinda, akaegemea mlango anashika mbavu. Mzee peke yake hakucheka, yeye alikuwa bado amelishikilia sufuria kifuani kwa mikono miwili, sijui ni uzito wa mazoea. Akasema tu, "Nimelala na makande." Halafu baada ya muda kidogo, "Na nilimwamkia."

Kitinda mimba tulimkuta mvunguni mwa kitanda changu, kaporomoka huko na shuka lake, analala, hata hakohoi.

Hasara nikaipiga kesho yake kwa mwanga. Makande yaliyomwagika ni kama robo, hayo kuku walisherehekea. Godoro la mashemeji lilikaa juani siku tatu, upepo wa Dodoma ukasaidia, ila mpaka leo shemeji mdogo anadai akilala anaota yuko kantini. Blanketi nililifua mara nne, kwa hiyo sabuni na maji ya kununua vilikula hela yote ya mkaa niliyookoa na elfu mbili juu yake. Bodaboda alikataa hela ya kusubiri akasema atakuja kula, na kweli Jumapili saa saba huyo hapo, na mwenzake.

Na makande yenyewe? Yaliiva! Hilo mama mkwe hataki kulisikia lakini niliyabonyeza kwa vidole, laini kabisa, pamoja na purukushani zote zile. Nikayachemsha tena vizuri, nikayaunga na kitunguu na karanga, tukala watu kumi na nne, baba watoto akaomba ya pili bila kujua yametoka wapi. Wakati narudia kupakua nikamuuliza mzee nimwongezee, akaifunika sahani kwa mkono, akaniambia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Kidogo tu mwanangu. Unajua mimi na haya tumeshazoeana."

Saivi nina kapu. Linakaa sebuleni, juu kabisa ya kabati, na mama mkwe amelibandika karatasi kwa mwandiko wa mjukuu: SI MTOTO. Mzee naye mwezi uliopita alisema anakuja tena, safari hii akaiwasha simu akapiga tangu yuko Mpwapwa stendi, hata salamu hakumaliza, akauliza, "Chumba kile nitalala na nani?"