Kichupa kinachong'aa kije na fundi wa bomba

Huku Katanga, kusini mwa Kongo, kuna ua linalopenda ardhi ya shaba. Wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense. Watafuta madini walilifuata: likitanda kwenye kilima kisicho na miti, chimba hapo. Kwa hiyo kupima madini kwa kiumbe hai si jambo geni kwetu.

Siku hizi kipimo kinaingia kwenye kichupa kidogo kama kidole cha mtoto. Mwaka 1976, katika tope la kiwanda cha zinki huko Ubelgiji (kampuni ya Wabelgiji ndiyo iliyoanza kuyeyusha shaba yetu kiwandani hapa Lubumbashi mwaka 1911), ilipatikana bakteria inayoishi raha mustarehe ndani ya sumu ya metali. Bakteria za aina hiyo zina protini zinazonasa metali fulani, kisha jeni za kujikinga huwashwa. Unganisha swichi hiyo na jeni ya kung'aa, umepata taa ya kukuonya. Mwaka 2020 timu ya Julius Lucks, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ilionyesha kuwa hata bakteria nzima haihitajiki: vipuri vyake vinakaushwa kama maziwa ya unga, unadondosha maji, unasubiri, kichupa kinawaka kijani.

Nakitaka kwenye kartie (mtaa) yetu kwa sababu ya jirani yangu, Mama anayeuza lengalenga (mchicha). Anachota kisimani, anamwagilia matuta, anasuuza mafungu kwenye beseni. Juzi aliliinua beseni juani: "Papa, angalia, maji meupe kabisa!" Kweli, sikuona hata chembe. Ila madini ya risasi, yale yenye sumu, hayaonekani majini. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 kwa lita, maana yake gramu 1 tu iliyoyeyuka inatosha kufikisha lita 100,000 kwenye kikomo hicho. Tuliwahi kupeleka chupa maabara fulani. Wakataka barua, halafu barua ya kuthibitisha barua. Tukarudi na chupa yetu.

Najua kichupa hakiwezi kushindana na mashine kubwa za maabara. Sikitaki kwa hilo. Nataka kiniambie, kati ya visima kumi, kipi kitangulie maabara.

Kinachonisumbua zaidi ni vumbi. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha: metali ya kobalti ilikuwa juu sana, hasa kwa watoto. Mtoto anacheza chini, halafu anamega bukari (ugali) kwa mkono uleule. Maji ya kisima yanaweza kuwa safi na bado mkono huo ukabeba kobalti. Basi kipimo kiguse na kitambaa kilichopanguswa mezani, si kisima tu.

Nilipomweleza Mama haya yote, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na taa ikiwaka, Papa, lengalenga yangu nitaimwagilia nini?"

Ndiyo maana nina sharti kwa yeyote atakayetuletea vichupa: kwenye gari hilohilo apande na fundi wa bomba.