Chupa Ina Ubaridi, Dada Hana Dirisha

Masaki, mtaa wa matajiri wa Dar es Salaam, siku hizi chupa ya mvinyo inalala vizuri kuliko mtu, na wala sitii chumvi. Nimesimama mbele ya kabati lenyewe: mlango wa kioo, taa ya bluu ndani, kijisahani cha namba kinachoonyesha nyuzi 12. Limejengewa ukutani sebuleni, na dalali alikuwa analifungua na kulifunga kwa heshima. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya jiko la pili, kuna tundu wanaloliita chumba cha dada, yaani cha mfanyakazi wa ndani. Huko hakuna namba ya nyuzi joto. Hakuna dirisha pia.

Nilifikaje Masaki mimi mpangaji wa Tabata? Wifi yangu. Yeye na kaka wako Uingereza miaka na miaka, wamebana, wameamua kununua nyumba Dar kabla ya uzee, na kwa kuwa mimi niko huku na nina mdomo, nikapewa kazi ya kwenda kuangalia. Wifi hakutaka kiwanja Kigamboni wala Goba. Kaka amechoka kutuma hela za saruji kwa mafundi wasiopokea simu, na hapo siwezi kumlaumu, kila mwenye ndugu nje anajua habari za nondo zinazooza. Wanataka ghorofani, iliyokwisha, yenye hati yake. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo ndiyo iliyofungua mlango huo, na tangu hapo rasi nzima ya Msasani imeota maghorofa. Nyumba za zamani zenye mwembe na ukuta wa michongoma zinabomolewa moja baada ya nyingine.

Basi nikaonyeshwa. Vyumba vitatu, vyote masta. Bwawa juu kabisa, ukiwa umeelea unaiona bahari. Jenereta ya jengo zima inayojiwasha yenyewe kabla hujamaliza kusema "Tanesco". Mtambo wa kusafisha maji, kwa sababu visima vya rasi ile vina chumvi. Maegesho ya magari mawili, kamera kila kona, mlinzi anayekusalimia kwa Kiingereza hata ukimwamkia kwa Kiswahili. Bei dalali alianza kuitaja kwa shilingi, kama kanuni za 2025 za fedha za kigeni zinavyotaka, lakini sifuri zikamchosha katikati akateleza kwenye dola, akajishtukia, akacheka. Kijana mchangamfu kwa kweli. Kila mtu kwake ni bosi.

Na majiko mawili. Hili nilikwenda nimejiandaa kulikejeli na nimeshindwa. Moja ni la wageni, lina marumaru na stuli ndefu, hakuna atakayepika humo zaidi ya chai. La pili liko nyuma, lina mlango wa kufunga, huko ndiko samaki anakokaangwa na kitunguu kinakoungua. Ukishakaa kwenye nyumba ambayo kochi linanuka perege hadi Jumatano, utakubali kwamba matajiri hapo wamefikiri.

Tatizo ni kwamba wamefikiri hadi mlango wa jiko la pili, wakaishia hapo.

Unapita mashine ya kufulia, unakuta mlango unaofunguka kwa nje. Unafunguka nje kwa sababu ukiusukuma ndani utagonga kitanda. Kitanda ni cha futi mbili na nusu kwa sita, na chumba kimejengwa kukizunguka. Nilisimama kwenye nafasi iliyobaki nikanyoosha mikono, sikuweza kuikunjua yote. Soketi moja. Juu ya mlango kuna tundu la hewa la ukubwa wa daftari la shule, nalo linapumulia kwenye kijibaraza cha mashine ya kufulia, kwa hiyo hewa yenyewe ni ya mvuke na sabuni. Kwenye kona kuna choo, na bomba la kuogea limewekwa juu ya choo hicho hicho. Unaoga umekaa.

"Dirisha liko wapi?" nikauliza.

"Humu ni pa kulala tu, dada yangu. Mchana hatakuwemo, atakuwa kazini."

"Na usiku hapumui?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Unajua wateja hawaulizagi hilo? Wengi wanauliza jenereta ni ya KVA ngapi."

Nikamwomba ramani ya nyumba. Akanipa, karatasi nzuri nzito yenye kung'aa. Kwenye tangazo alilonitumia WhatsApp pameandikwa chumba cha dada. Kwenye ramani, mahali pale pale, pameandikwa STOO. Stoo haina haja ya dirisha. Hakuna mkaguzi atakayeuliza ndoo na fagio zinapata wapi upepo. Yaani kuna mtu kasoma, ana shahada ya usanifu ukutani, kakaa na kalamu yake akajua kabisa humo atalala binadamu, akaandika stoo.

Chumba cha nguo cha masta, kwa taarifa yenu, kina dirisha. Kinatazama bahari. Viatu vya wifi vitaona meli zikiingia bandarini.

Sasa naomba niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu. Wakoloni walijenga vizuri zaidi. Ndiyo, hao hao walioigawa Dar, Uzunguni huku, Uhindini kule, Uswahilini kwetu, Wajerumani wakaanza na Waingereza wakakamilisha. Nenda kwenye nyumba chache za zamani zilizobaki Oysterbay, zunguka nyuma. Kuna boi kota. Jina ni tusi, mtu mzima mwenye watoto wake anaitwa boi, na sitetei hata herufi moja ya mfumo ule. Lakini boi kota ilikuwa na mlango wake, dirisha lake, bomba la uani, na kivuli ambapo mtu akimaliza kazi alikaa kwenye kigoda akatembelewa na ndugu yake kutoka Rufiji. Mkoloni aliyemwona Mwafrika kuwa si mtu kamili alimpa dirisha. Sisi tunaomwita mdogo wetu, tunaosema "huyu ni kama familia", tumemtia stoo.

Lingekuwa jambo la jengo moja ningenyamaza. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiingia kwenye kila tangazo la nyumba za aina hii, na ramani zake zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Hata wenzetu wa Nairobi, wanaoandika DSQ (makazi ya mtumishi) kwenye matangazo kwa fahari kabisa, waulizeni ndani ya hiyo DSQ ya ghorofani mna nini.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia kwenye kundi la familia. La kwanza: kwao kijijini analala chini kwenye mkeka. Sawa. Kwao kijijini mkeka uko kwenye nyumba yenye upepo, na asubuhi akitoka nje anaiona dunia. Na hata kama kwao ni pabaya kuliko hapo, kwako ndiko kwao? Wewe mwenye marumaru za Italia unajipima na umaskini wa baba yake?

La pili: siku hizi madada hawalali, wanakwenda na kurudi. Vizuri. Anayerudi Mbagala au Gongo la Mboto anaamka saa ngapi ili awe Masaki saa kumi na mbili watoto wapande basi la shule? Mabasi ya mwendokasi hayafiki Masaki, kipande cha mwisho ni daladala na miguu. Wenye watoto wadogo wanajua, wanataka mtu wa kulala. Ndiyo maana hicho "chumba" kinatangazwa.

La tatu ndilo lililonitoa kwenye mstari: mbona wenyewe hawalalamiki. Alalamike kwa nani? Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri kuwa shilingi 120,000 kwa mwezi, na wa kulala shilingi 60,000. Tazama hizo namba mbili. Tofauti yake ni elfu sitini, na maana yake hasa ni kwamba serikali ilikadiria malazi na sahani ya chakula kuwa nusu ya mshahara. Kwa hiyo dada analipia kile chumba. Ni mpangaji. Ana mwenye nyumba ambaye hajawahi kumwonyesha chumba kabla ya kumkata kodi. (Amri hiyo hiyo ilisema anayeajiriwa na wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa alipwe 250,000. Waulizeni majirani wa jengo lile wangapi wamejitambua kuwa ni wafanyabiashara wakubwa. Siku ya kulipa dada, Masaki yote ni wachuuzi.)

Sisi tulikua Temeke, vyumba viwili na sebule. Dada aliyetulea alilala chumba cha watoto, pamoja na sisi watatu, na kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha. Mama ndiye aliyekiweka pale, kwa sababu dada ndiye aliyekuwa anasinzia akiwa amechoka kuliko wote na joto la Februari halina huruma. Sitaki kuipaka rangi hali ile. Hakuwa na faragha, alivalia nguo bafuni, barua zake tulizisoma sisi watoto washenzi. Na mshahara wake ulikuwa unachelewa. Lakini hakuna mtu katika nyumba ile aliyekaa akapanga, kwa rula, kwamba yeye apate hewa kidogo kuliko sisi. Kubanana kulikuwa kwetu sote. Pale Masaki nafasi ipo tele, kuna ukumbi wa mazoezi wenye vioo kuanzia sakafuni hadi darini, na bado mtu mmoja tu ndiye anayebanwa. Hilo ndilo linaloniuma. Ufukara haukuwalazimisha kufanya hivi.

Wajenzi watasema soko ndilo linaloamua, na hapo, inaniuma kukiri, hawadanganyi. Mjenzi anajenga kile mnunuzi anachokiuliza. Miaka ya nyuma mnunuzi alianza kuuliza jenereta, zikaja jenereta. Akauliza maji, ukaja mtambo. Wanunuzi wa sasa wanauliza intaneti ya nyaya, mahali pa kuchajia gari la umeme, chumba cha kufanyia kazi nyumbani, na vyote hivyo vimechorwa. Kabati la mvinyo limechorwa, mjini ambako wapo wanunuzi wasiokunywa kabisa! Dirisha halimo kwa sababu moja tu, hakuna mtu mwenye hela aliyewahi kusimama mlangoni pale akasema hili sinunui. Dalali alinipa ukweli mtupu pale jikoni bila kujua.

Yapo mengine ningeyasema. Kwamba tangu 2023 nyumba ya kawaida isiyo ghorofa inakatwa kodi ya jengo shilingi 1,500 kwa mwezi kwenye LUKU ya umeme, iwe jumba la Masaki lenye bwawa au kibanda cha Manzese, na hakuna anayeona aibu. Kwamba sevisi chaji ya mwezi kwenye jengo lile inamzidi dada mshahara mara kadhaa. Kwamba bango karibu na bwawa linawataja "wasaidizi wa ndani" katika orodha moja na mbwa. Hayo siku nyingine, leo nimeshapandisha presha ya kutosha.

Nilimtumia wifi picha na video, nikiwa nimejibanza humo na mlango nimeufunga, jasho linanitoka, ili asikie sauti yangu inavyogonga kuta. Alinyamaza siku nzima. Halafu akawaandikia wauzaji mwenyewe: wanaomba chumba cha nguo kigeuzwe kiwe chumba cha dada, na nguo ziende kwenye ile stoo. Wifi yangu huyo, siku hiyo nilimpenda.

Jibu limekuja juzi, la adabu sana. Inawezekana, kwa malipo ya ziada. Ila wamemtahadharisha kwamba mabadiliko hayo yatashusha thamani ya nyumba siku akitaka kuiuza, kwa sababu mnunuzi wa daraja lile hatarajii kukuta mtumishi upande wa bahari. Kaka naye ameuliza itashuka kwa asilimia ngapi. Wanasubiri hesabu.