Bushi na Shokapu za Bei Chee: Si Kila Kosa ni la Dukani

Peleka gari linalogonga chini kwenye gereji za Mwanjelwa, Mbeya, hukumu itatoka kabla jeki haijapanda: ulifunga spea za kichina. Shokapu, ile ya oili inayotuliza mdundo wa gari, imevuja; bushi, ule mpira wa kwenye maungio ya chini ya gari, imechanika; basi alaumiwe mwenye gari aliyekwepa orijino. Hukumu hiyo ina ukweli, ila inawaacha pembeni fundi aliyefunga na mzigo uliobebwa.

Shokapu ya bei chee mara nyingi fimbo yake ina kromu nyembamba. Ikiingia kutu, inakwangua sili na oili inatoka. Mpira hafifu wa bushi nao hukauka upesi. Na kwa bolijointi, kiungo kinachoshikilia upande wa tairi kwenye mkono wa chini ya gari, sina utetezi: ikichomoka, tairi linalala, na kama unateremka Kitonga au Iwambi huna la kufanya. Hapo mtu akope, anunue iliyo nzuri.

Bushi ni habari nyingine. Mpira wake umeshikana na bomba mbili za chuma, ya ndani na ya nje. Hauzunguki kama beringi, unajisokota pale mkono wa gari, chuma kinachoshikilia tairi, unapopanda na kushuka. Sasa tazama inavyofungwa: gari liko juu ya jeki, tairi zinaning'inia, fundi anakaza bolti hadi mwisho, kisha anashusha. Kuanzia hapo mpira umeshasokoteka gari likiwa limesimama tu, na kila tuta kati ya Uyole na Mbalizi linaongeza juu ya msokoto huo. Miongozo ya matengenezo ya Toyota inataka bolti hizo zikazwe mwisho gari likiwa limekalia uzito wake. Orijino ikifungwa vibaya nayo huchanika mapema. Tofauti ni kwamba hiyo ikifa, tunalaumu barabara.

Shokapu nazo zina mateso yake. Fimbo ikizunguka wakati wa kukaza nati, inabanwa kwa plaizi, na mikwaruzo inabaki kwenye kromu. Mpira wa kuzuia vumbi ukikutwa umeoza unatupwa, haurudishwi mwingine. Halafu Probox iliyoundwa kwa watu watano inapakia wanane na magunia ya viazi juu yao.

Mwenye daladala anayesubiri hesabu ya jioni hawezi kulaza gari mpaka spea itoke Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800. Ananunua iliyopo, kwa pesa aliyonayo. Wanaomwita mjinga hawajapiga hesabu ya siku gari linapolala. Wengine humshauri achukue mtumba wa Japani. Chuma chake kizuri, sikatai, lakini mpira huzeeka hata ukikaa stoo.

TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ikaze ukaguzi, hasa wa bolijointi. Hilo nalitaka kwa dhati. Ila ukaguzi wa bandarini haufiki kwenye shimo la gereji. Mwenye gari anaweza kusimama pale akamwambia fundi ashike bolti kwanza bila kukaza, ashushe gari, alitikise, ndipo akaze. Pasipo na shimo, jeki iwekwe chini ya mkono wenyewe hadi ubebe uzito. Ni dakika chache, na bushi ya bei chee iliyofungwa hivyo inapata nafasi ya kuonyesha uwezo wake halisi.