Waliobaki sokoni hadi saa kumi na moja

Sisi tunaosoma Injili kwa Kiswahili tuna bahati moja: saa zake ni saa zetu. Katika Mathayo 20, mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita na saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Hatuhitaji kufafanuliwa. Saa kumi na moja jua limeshainama na watu wanawaza kurudi nyumbani. Anayeitwa kazini wakati huo atafanya kazi saa moja tu. Jioni wote wanalipwa dinari moja moja, ujira wa kutwa nzima.

Nimeusikia mfano huu ukihubiriwa mara nyingi kama habari ya wanaookoka uzeeni. Sipingi. Ila naona tunakimbilia mbinguni kabla hatujawatazama vizuri wale watu waliosimama sokoni. Walipoulizwa mbona wameshinda pale bila kazi, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wamelala majumbani.

Hapa Dodoma, karibu na ninapokaa, pana kijiwe cha vibarua. Saa kumi na mbili asubuhi pamejaa watu, machepe, sululu na ndoo. Pikapu ikisimama, vijana wenye mabega mapana wanairukia hata kabla bei haijatajwa. Ikifika saa nne wanabaki wale wale: mzee mwenye mvi, jamaa anayechechemea, mama aliyebeba mtoto mgongoni. Pita pale na utajua ni akina nani hubaki hadi saa kumi na moja.

Mwaka jana nilikuwa namwaga zege la msingi, na fundi akaja na mzee mmoja wa pale awe saidia fundi. Mpini wa chepe lake ulikuwa umepasuka, ameufunga kwa mpira wa baiskeli. Saa saba mvua ikashuka, kazi ikasimama. Nikamlipa nusu siku. Alizihesabu noti, akazikunja mara mbili, akazitia kwenye mfuko wa shati, akasema, "Asante, bosi." Nikalala nikiamini nimetenda haki, na kwa hesabu nilikuwa sahihi. Lakini dukani hawakupunguzii bei ya unga kwa sababu mvua imekukatiza kazi. Nyumba ya mzee yule ilikula nusu siku.

Walioanza alfajiri wakanung'unika, nami nawaelewa, maana jua la mchana kutwa si mchezo. Hata hivyo hakuna aliyepunjwa: walipatana dinari, wakapewa dinari. Kilichowauma ni mwenzao kupata. Tena wote walilipwa jioni ile ile, kama Torati ilivyoagiza kwamba ujira wa maskini ulipwe kabla jua halijatua. Hapo ndipo roho inaponiuma zaidi. Nimewaona waumini wenzangu wakimzungusha fundi wiki tatu nzima, njoo kesho, njoo mwisho wa mwezi, na Jumapili wamekaa viti vya mbele wakiimba kwa sauti. Mtu huyo ameacha watoto wanamsubiri. Tunamwomba Mungu riziki ya kila siku, na riziki ya mwenzetu tumeikalia mfukoni.

Kuna jambo jingine katika mfano huu ambalo huwa tunalipita haraka. Mwenye shamba alikuwa na msimamizi. Jioni anamwita awalipe watu. Basi hata kutafuta vibarua angeweza kumtuma. Lakini alitoka mwenyewe mara tano, na wale wa mwisho akasimama nao, akawauliza habari zao.

Mzee yule bado namkuta kijiweni nikitoka kazini, chepe lake limeegemezwa ukutani. Mwezi uliopita nilimpelekea ile nusu siku nyingine. Alinitazama kitambo kabla ya kunyoosha mkono, kisha akauliza, "Hii ni ya kazi gani?"